Ukipanda Mnara wa Cairo

Kila linapozuka suala la kugawana maji ya Mto Nile, Misri huwa mkali. Wengi wetu hujiuliza kwa nini. Sehemu ya jibu iko juu ya mnara.

Mnara wa Cairo umesimama katika kisiwa cha Gezira, katikati ya mto. Ulikamilika mwaka 1961. Una urefu wa mita 187, hivyo unaipita hata piramidi kubwa. Kileleni kuna roshani ya kuzunguka, na hapo mji wote uko chini ya macho yako.

Tazama mashariki. Ng'ambo ya maji liko jengo la redio na televisheni. Wazee wetu wanaikumbuka Redio Cairo, ambayo miaka ya 1950 iliwashambulia wakoloni kwa Kiswahili. Jirani ni Makumbusho ya Misri, yaliyofunguliwa mwaka 1902, kando ya Uwanja wa Tahrir. Mbele zaidi ni misikiti ya mji mkongwe, na mwisho ni kilima cha Muqattam, penye ngome ambayo Salahuddin alianza kuijenga mwaka 1176.

Mbona mji mkongwe uko mbali na mto? Kwa karne nyingi mto ulihama polepole kuelekea magharibi, na kila mwaka ulifurika. Ukingo haukuaminika.

Sasa geuka kusini-magharibi. Siku isiyo na vumbi utayaona mapiramidi ya Giza. Yamejengwa juu ya mwamba, mahali ambapo mafuriko hayakufika. Watu wa kale hawakupoteza shamba kwa ajili ya kaburi, hata likiwa kaburi la mfalme. Nyuma ya mapiramidi ni jangwa tupu.

Hapo ndipo unapoelewa. Cairo na vitongoji vyake ina watu zaidi ya milioni 20, na mvua ni ya kubahatisha. Bila mto huu, mji huu haupo.

Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka milima ya Ethiopia. Sehemu ndogo, lakini isiyokatika mwaka mzima, hutoka Ziwa Victoria kupitia Jinja. Hata hivyo, mkataba wa mwaka 1929 ulitiwa saini na Uingereza kwa niaba ya makoloni yake, na ule wa mwaka 1959 uligawa maji kati ya Misri na Sudan peke yao. Sisi hatukuulizwa. Ndiyo maana mwaka 1962 Tanganyika ilitamka kwamba haifungwi na mkataba wa mkoloni. Mwaka 2024 ulianza kutumika mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile, lakini Misri haimo.

Hofu ya Misri ni ya kweli, na asiyeiona hajatazama vizuri. Lakini mama wa Shinyanga naye anahitaji ndoo yake ya maji, na mkulima wa Ethiopia naye anataka taa nyumbani kwake. Hao hawaonekani kutoka Gezira, hata siku isiyo na vumbi. Wanaokaa mezani kujadili mto huu wanapaswa kuwakumbuka wote.