Uteuzi wa Kichakataji cha Kompyuta Wakati wa Mabadiliko ya Matoleo na Bei: Mfano wa Soko la Mwaka 2022

1.0 Usuli wa Suala

Mnunuzi wa kompyuta ya mezani aliyeingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2022 alikuta mambo yamebadilika ghafla. Tarehe 27 Septemba kampuni ya AMD ilianza kuuza vichakataji vya Ryzen 7000. Kabla ya mwezi kwisha, tarehe 20 Oktoba, Intel nayo ikatoa vya kizazi chake cha 13. Wakati huohuo vichakataji vya vizazi vilivyotangulia vilikuwa bado madukani, na bei zake zilikuwa zikishuka. Swali la kichakataji kipi kina kasi zaidi lilijibiwa kwa urahisi na majedwali ya vipimo. Swali gumu lilikuwa jingine: mtu mwenye fedha za ununuzi mmoja tu, ambaye hatarajii kununua tena kwa miaka mitano au sita, azielekeze wapi?

Makala hii inajikita katika swali hilo la pili. Istilahi kichakataji inatumika hapa kwa maana ya kile ambacho wauzaji wengi hukiita prosesa, yaani kipande kinachotekeleza maagizo ya programu. Jukwaa ni jumla ya vitu ambavyo kichakataji hakiwezi kufanya kazi bila hivyo: ubao mama wenye soketi inayokilingana pamoja na aina ya RAM ambayo ubao huo unaikubali. Hoja inayojengwa ni kwamba katika kipindi hicho bei ya kichakataji peke yake ilikuwa kigezo dhaifu, na kwamba wanunuzi walioitegemea walilinganisha vitu visivyolingana.

2.0 Kichakataji na Jukwaa Lake

Tuanze na vichakataji viwili vya AMD. Ryzen 5 5600 ilitoka Aprili 2022 kwa bei rasmi ya dola 199. Ryzen 5 7600X ilitoka Septemba mwaka huohuo kwa dola 299. Vyote viwili vina viini 6 na nyuzi 12. Kwa mtazamo wa haraka, tofauti ni dola 100, na mnunuzi angeweza kujiuliza iwapo kasi ya ziada ya kile kipya inastahili kiasi hicho.

Hata hivyo, hesabu hiyo haijakamilika. Kile cha kwanza hutumia soketi ya AM4 na RAM ya DDR4. Cha pili hutumia soketi ya AM5, ambayo haikubali DDR4 kabisa. Kwa hiyo aliyetaka 7600X alilazimika kununua ubao mama mpya, na mbao za kwanza za AM5 zilikuwa ghali kuliko za AM4, pamoja na RAM ya DDR5 ambayo wakati huo nayo iliuzwa kwa bei ya juu. Aidha, 5600 iliuzwa ikiwa na kipozaji chake ndani ya boksi, ilhali 7600X iliuzwa bila kipozaji. Tofauti halisi basi ilizidi dola 100 kwa kiasi kikubwa, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo haikuonekana kwenye lebo ya kichakataji.

Kuna kundi la wanunuzi ambalo hesabu hii ililihusu zaidi, nalo ni wale waliokuwa tayari na kompyuta ya AM4. Ryzen za kwanza za soketi hiyo zilitoka Machi 2017. Mwaka 2022 AMD iliruhusu hata mbao za mwanzo, zikiwemo za B350 na X370, kupokea Ryzen 5000 baada ya kusasishwa kwa programu ya ubao. Mtu aliyenunua kompyuta miaka mitano kabla aliweza kuchomoa kichakataji cha zamani, kuweka kipya, na kubaki na RAM ileile, diski ileile na ubao uleule. Kwa maoni ya mwandishi, hilo ndilo lililokuwa chaguo bora zaidi sokoni mwaka huo, ingawa halikuwa toleo jipya.

Kwa upande mwingine, hoja ya kinyume haiwezi kupuuzwa. AM4 ilikuwa imefika ukingoni, wakati AM5 ilitangazwa kuwa ingeungwa mkono hadi mwaka 2025 au zaidi. Anayeanza bila chochote akinunua AM4 anapata nafuu leo, lakini atakapotaka kuongeza kasi atalazimika kubadilisha kila kitu. Intel ilichukua njia ya kati: soketi yake ya LGA1700 ilikubali ama DDR4 ama DDR5 kutegemea ubao, hivyo Core i5-13600K ya dola 319 iliweza kutumia RAM ya zamani ya mnunuzi. Lakini soketi hiyo nayo iliishia kizazi cha 14, kilichotoka Oktoba 2023.

3.0 Majina, Viini na Kasi

Majina ya vichakataji hayamsaidii sana mnunuzi. Katika kompyuta za mpakato, Ryzen 5 7520U na Ryzen 5 7540U zinaonekana kama ndugu wa tumbo moja. Ya kwanza imejengwa juu ya usanifu wa Zen 2, ambao ulianza kuuzwa mwaka 2019. Ya pili ni ya Zen 4, usanifu wa 2022. Tarakimu inayofichua tofauti hiyo ni ya tatu, na ni nadra muuzaji kuieleza.

Idadi ya viini nayo inahitaji tahadhari. Gene Amdahl alionyesha mwaka 1967 kwamba sehemu ya kazi isiyoweza kugawanywa ndiyo huweka kikomo cha faida. Tuseme asilimia 90 ya kazi inagawanyika: viini 6 vitaifanya kwa kasi ya mara 4, na viini 12 kwa mara 5.7. Ikiwa ni asilimia 50 tu inayogawanyika, viini 6 hutoa mara 1.71 na viini 12 hutoa mara 1.85. Mnunuzi wa namna hii ya pili amelipia viini sita vya ziada na kupata ongezeko la takriban asilimia 8. Mtafiti anayeandika tasnifu, kusoma faili za PDF na kuchambua data ya wastani yuko karibu zaidi na mfano huu wa pili kuliko anavyoaminishwa na matangazo.

Kuhusu gigahezi, mfano mmoja unatosha. Ryzen 7 5800X3D ina kasi ya juu ya gigahezi 4.5, chini ya 5800X yenye 4.7, lakini huishinda katika michezo mingi ya kompyuta kwa sababu kache yake ni MB 96 badala ya MB 32.

4.0 Kusubiri Bei Ishuke

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kusubiri. Mwaka 2022 ushauri huo ulikuwa na msingi: Januari 2023 AMD ilitoa Ryzen 5 7600 kwa dola 229, yenye kasi inayokaribia sana ile ya 7600X, inayotumia umeme kidogo zaidi, na yenye kipozaji ndani ya boksi. Aliyevumilia miezi minne aliokoa dola 70.

Lakini uvumilivu una gharama kwa anayelipa kwa sarafu nyingine. Nchini Kenya, dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 124 Januari 2023, na takriban shilingi 156 Desemba mwaka huohuo. Dola 229 zilikuwa sawa na shilingi 28,396 mwanzoni mwa mwaka na shilingi 35,724 mwishoni, kabla ya kodi na usafirishaji. Kwa kulinganisha, dola 299 za 7600X, kwa kiwango cha takriban shilingi 120 cha Septemba 2022, zilikuwa shilingi 35,880. Punguzo lote lililotokea kwa dola lilikuwa limemezwa na sarafu. Mnunuzi wa Nairobi aliyesubiri hadi Desemba alilipa takriban kile ambacho angelilipia toleo la kwanza, na alikuwa amekaa zaidi ya mwaka mzima na kompyuta ya zamani.

Kusubiri ili kasoro zijulikane nako hakukuwa na uhakika. Tatizo la volti lililoathiri vichakataji vya Intel vya kizazi cha 13 na cha 14 lilikuja kuelezwa na kampuni yenyewe mwaka 2024, ikatoa marekebisho ya programu Agosti na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Aliyesubiri miezi sita, au hata mwaka mmoja, baada ya Oktoba 2022 asingeliona. Aliyenunua Core i5-12400 ya kizazi cha 12 hakuguswa na tatizo hilo, ingawa hakuna aliyeweza kulitumia kama sababu ya kuichagua wakati huo.