Mguu Usiteleze: Fizikia ya Kuchagua Pedali Bapa za Baiskeli ya Milimani

Mvua ilikuwa imekatika kama nusu saa hivi tulipoanza kushuka kutoka Morningside, ile njia ya mawe na udongo inayoteremka Milima ya Uluguru hadi Morogoro mjini. Baiskeli yangu ilikuwa safi: breki zinashika, matairi mapya. Kwenye jiwe la tatu au la nne gurudumu la mbele likaruka, mguu wa kulia ukachomoka kwenye pedali, na pedali ikazunguka ikanichana ugokoni. Sikuanguka, lakini nilishonwa nyuzi nne. Kwa miezi miwili iliyofuata, kila nilipoona mteremko wenye mawe nilishuka nikakokota baiskeli.

Fundi wangu alipoiona ile pedali ya plastiki laini, iliyong'aa kama sahani, alicheka. "Mdogo wangu, breki za gharama zote hizi za nini kama miguu haikai?" Kisha akaangalia raba zangu za kukimbilia, akatikisa kichwa. Mimi ndiye ninayefanya utafiti wa mpira na plastiki kila siku, na jambo hilo halikuwahi kunijia akilini.

Basi hebu tulifikirie pamoja. Kama una pesa kidogo na unataka mguu ukae kwenye pedali, uiweke wapi pesa yako?

Kwanza, kwa nini tusiufunge tu mguu?

Pedali za baiskeli ya milimani ziko za aina mbili kubwa. Kuna za kunasa: kiatu kina kipande cha chuma chini ya soli, kinaingia kwenye pedali na kushikwa na springi mpaka uzungushe kisigino kujitoa. Halafu kuna pedali bapa: jukwaa lenye pini ndogo juu, unakanyaga tu, na ukitaka kushusha mguu unashusha.

Watu wengi huamini kwamba pedali bapa ni za wanaoanza. Si kweli. Sam Hill wa Australia alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za kuteremka mlima mwaka 2007, 2009 na 2010 akitumia pedali bapa. Kisha akahamia enduro, ambako mteremko hupimwa kwa saa na mlima unapandwa kwa miguu yako mwenyewe, akachukua ubingwa wa jumla wa Enduro World Series miaka mitatu mfululizo, 2017 hadi 2019, bado akiwa na pedali bapa.

Na ile hoja kwamba mguu ulionaswa unakusaidia kuvuta pedali juu? Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulipima waendesha baiskeli wakikanyaga kwa mitindo tofauti. Walipovuta juu kwa makusudi, matumizi ya nishati mwilini yalikuwa mabaya zaidi kuliko walipokanyaga kwa mtindo wao wa kawaida. Kunasa kuna faida zake, hasa mguu kutoruka, lakini kuvuta juu si sababu ya kutosha ya kuzidharau pedali bapa.

Kwa hiyo kazi ya pedali bapa ni moja tu: kushika mguu bila kuufunga. Sasa inashikaje?

Msuguano peke yake hautoshi

Tulisoma shuleni kwamba msuguano unategemea vitu viwili: aina ya nyuso zinazogusana, na kani inayozibana pamoja. Ukisimama wima kwenye pedali, kani hiyo ni uzito wako. Mtu wa kilo 70 ana uzito wa nyutoni 700 hivi, yaani karibu 350 kwa kila mguu. Hiyo ni kani ya kutosha kabisa, na ndiyo maana barabarani hata pedali mbovu huonekana nzuri.

Tatizo ni mawe. Baiskeli ikiruka kwenye jiwe kisha ikaanguka upande wa pili, pedali inakukimbia chini ya mguu. Kwa sehemu ndogo ya sekunde ile kani ya kubana inapungua, pengine karibu na sifuri. Na sifuri mara chochote ni sifuri. Msuguano unakwisha wakati ule ule unapouhitaji kuliko wakati wowote.

Hapo ndipo pini zinapoingia. Jaribu hili nyumbani: chukua ndala ya zamani, iweke juu ya kijiko kilichofunikwa, gandamiza kidogo na uivute pembeni. Inateleza. Sasa iweke juu ya ncha za uma, gandamiza kwa nguvu ile ile na uvute. Haiendi. Uma haujaongeza msuguano. Ncha zake zimezama kwenye mpira, na ili ndala isogee ni lazima mpira uchanike au upande juu ya ncha. Pini zinafanya hivyo hivyo. Mradi ncha bado zimo ndani ya soli, hata kani ya kubana ikipungua sana, mguu hauna njia rahisi ya kwenda pembeni.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme soli inagusana na pedali kwenye eneo la sentimita 10 kwa 10. Zile nyutoni 350 zikisambaa humo, kila sentimita ya mraba inapata 3.5. Sasa tuseme uzito wote umebebwa na pini 10, kila moja ina kipenyo cha milimita 4. Eneo lao lote ni kama sentimita ya mraba 1.26 tu, kwa hiyo kanieneo inapanda hadi nyutoni 280 hivi kwa sentimita ya mraba. Hiyo ni mara 80. Kiuhalisia uzito hugawanyika kati ya pini na fremu ya pedali, lakini picha unaipata: pini huzama kwa sababu kani kubwa imekusanywa kwenye eneo dogo.

Nusu ya pedali ni kiatu

Hapa ndipo fundi alinishinda. Pini nzuri inahitaji kitu cha kuzama ndani yake. Soli ikiwa ngumu kama plastiki, pini inakwaruza juu juu tu. Ikiwa na mabonde na vilima vikubwa kama buti la shambani, pini zinaangukia kwenye mabonde na hazigusi kitu. Raba za kukimbilia nazo zina povu nene linaloruka: kila jiwe linaurusha mguu juu.

Kinachotakiwa ni soli bapa, ya mpira laini, usiorudi haraka unapobonyezwa. Mpira wa namna hii unakula nguvu ya mtikisiko na kuigeuza joto kidogo, badala ya kuirudisha kwenye mguu wako. Si ajabu basi kwamba kampuni iliyopata sifa kubwa kwa viatu vya pedali bapa, Five Ten, ilianza na viatu vya kukwea miamba. Mpira wake wa Stealth ulitengenezwa kushika jiwe kabla haujawahi kukutana na pini.

Huna hela ya viatu hivyo? Pita kwenye mitumba utafute raba bapa za wacheza skeitibodi. Bonyeza soli kwa ukucha: ukiacha alama inayofutika polepole, ni dalili nzuri. Angalia pia kama kiatu hakijikunji sana katikati, maana soli inayojikunja kama chapati huchosha mguu. Katambuga na ndala ziache nyumbani, jamani. Zinaacha vidole wazi na hazikushiki mguu wenyewe.

Visigino chini

Kabla hujanunua chochote, kuna dawa ya bure. Gurudumu la mbele likigonga jiwe, baiskeli inapunguza mwendo ghafla lakini mwili wako unataka kuendelea mbele. Kama vidole vimeelekea chini, pedali imeinama mbele kama bati la paa, na mguu unateleza kuelekea mbele. Ukishusha visigino, pedali inainama kinyume chake. Sasa kile kishindo kinakugandamiza kwenye pedali badala ya kukutoa. Yaani jiwe lenyewe linakuongezea kani ya kubana. Fanya mazoezi kwenye ngazi mbili tatu au tuta la barabarani mpaka mwili uzoee.

Sasa pedali yenyewe: tazama nini dukani?

*Pini.* Tafuta pini za chuma zinazotokeza milimita 3 hadi 5, nyembamba kuliko nene, na zilizo karibu na kingo za pedali. Vinundu vya plastiki vilivyoumbwa pamoja na pedali huchakaa na kuwa mviringo. Chunguza pia pini zinafungwaje. Zile zinazoingizwa kutokea upande wa chini ni bora, kwa sababu jiwe likipinda ncha ya juu bado unaweza kuifungua kwa nyuma. Pini zinazofungwa kutokea juu zikigongwa, tundu la spana linaharibika na kazi imekwisha.

*Ukubwa.* Pedali ilingane na mguu. Anayevaa namba 43 kwenda juu hufaidi jukwaa la milimita 110 hivi, na mwenye mguu mdogo anatoshwa na 95 hadi 100. Kubwa kupita kiasi inagonga mawe kwenye kona. Ndogo kupita kiasi inauacha mguu ukining'inia na vidole vinachoka.

*Umbo.* Weka rula juu ya pedali, kutoka mbele kwenda nyuma. Kama katikati kumebonyea kidogo, hata milimita moja au mbili, mguu utakaa kama kwenye sahani ya kina. Kama katikati kumevimba kwa sababu ya ekseli, mguu utabembea juu ya uvimbe huo. Mtego mmoja: wauzaji wengine hupima kina hicho kwa kuhesabu pini ndefu za pembeni. Wewe pima fremu yenyewe.

*Unene.* Pedali nyembamba ina nafasi zaidi kutoka kwenye ardhi, na haipinduki kirahisi chini ya mguu, kwa kuwa soli inakaribia mhimili wa mzunguko. Lakini nyembamba sana huacha nafasi ndogo ya gololi ndani, na gololi ndogo huchakaa upesi kama hazitunzwi.

*Nailoni au alumini?* Hapa ndipo watu wanapoteza hela. Alumini ni imara zaidi na hukubali pini nyembamba. Ila pedali nzuri ya nailoni yenye ekseli ya chuma na pini za chuma inashika vizuri sana, mara nyingi kwa nusu ya bei. Tena nailoni ikigonga jiwe huteleza juu yake, wakati alumini mara nyingine hung'ang'ania. Kwa uzito, tofauti ni ndogo. Jozi nyingi za aina zote mbili ziko kati ya gramu 300 na 500.

*Nyuzi za skrubu.* Baiskeli nyingi za milimani zina tundu la inchi 9/16, lakini baadhi ya baiskeli za watoto na za zamani zina la inchi 1/2. Pima kabla ya kulipa. Na kumbuka pedali ya kushoto hufungwa kinyume: unazungusha kinyume cha saa kukaza. Si ubishi wa wahandisi. Unapokanyaga, kani inazunguka kuizunguka ekseli na kuifanya ijiviringishe kidogo kidogo ndani ya tundu lake, na mviringisho huo hufungua skrubu ya kawaida upande wa kushoto. Nyuzi za kinyume zinaugeuza kuwa wa kukaza. Paka grisi, kaza kwa spana namba 15, basi.

Nilivyotumia pesa yangu

Bajeti yangu ilitosha pedali moja nzuri ya alumini, au pedali ya nailoni pamoja na viatu. Baada ya kupiga hesabu hizi sikusita: nilichukua nailoni yenye pini za chuma, na raba bapa za mtumba zenye soli laini. Chenji ilinunua vikinga ugoko vya wacheza mpira, maana pini zinazoshika soli hazichagui, zinashika na nyama.

Kama ningepaswa kukupangia foleni, ingekuwa hivi: visigino chini kwanza, kwa sababu ni bure, kisha soli, kisha pini, kisha ukubwa na umbo. Alumini, uzito na rangi vije mwisho kabisa.

Mwezi uliopita nilipanda tena Morningside. Mawe yalikuwa pale pale. Kwenye lile lililonichana nilishusha visigino, gurudumu likaruka, na miguu ikabaki mahali pake. Fundi nilipomsimulia hakushangaa hata kidogo. Alitazama raba zangu mpya za mtumba, akasema, "Sasa hizo breki zako zitakuwa na kazi."