Kitale Mashariki na Bungoma Mashariki: Viti Vilivyofutwa kwenye Ramani

Mwaka 1975, baada ya mbunge J. M. Kariuki kuuawa, wabunge wawili wa eneo la Mlima Elgon waliingia kwenye historia. Elijah Mwangale wa Bungoma Mashariki aliongoza kamati ya Bunge iliyochunguza mauaji hayo. Masinde Muliro wa Kitale Mashariki, aliyekuwa waziri, aliipigia kura ripoti ya kamati dhidi ya msimamo wa serikali, akafutwa kazi. Leo Kenya ina maeneobunge 290, na katika orodha hiyo hakuna Kitale Mashariki wala Bungoma Mashariki.

Viti hufa vipi? Ili kujibu, tuanze wakati wa mkoloni. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya masetla, na Kitale mji wao. Mwafrika alilima mashamba yao, lakini wa kumpigia kura hakuwa naye. Waafrika walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza Machi 1957, nao walipewa viti vinane tu kwa koloni zima. Muliro alitwaa cha Nyanza Kaskazini kwa kumshinda W. W. W. Awori. Hata hivyo kura hazikuwa sawa: kwa kutegemea elimu, mapato na mali, mtu mmoja aliweza kuwa na kura hadi tatu, na jirani yake asiwe na hata moja.

Uhuru ulipokaribia, ugomvi ukahamia kwenye mipaka. Tume ya mwaka 1962 iliiweka Bungoma katika mkoa mpya wa Magharibi, na Trans Nzoia katika Bonde la Ufa. Muliro na Wabukusu wenzake wengi walidai Kitale iwe Magharibi. Viongozi wa Kalenjin, ambao walikuwa naye chama kimoja cha KADU, walikataa katakata. Mstari ule haukusogezwa.

Watu ndio waliosogea. Masetla walipouza mashamba, familia nyingi kutoka Bungoma zilivuka kununua ardhi kupitia skimu za makazi, vyama vya ushirika na makampuni ya kununua mashamba. Viti vya Bunge navyo viliongezeka. Mwaka 1963 vilikuwa 117, na Seneti ilipounganishwa na Bunge vikawa 158. Kitale ikawa na Mashariki na Magharibi. Ni katika Kitale Mashariki ambako Fred Gumo alimwangusha Muliro mwaka 1979.

Mwaka 1988 viti vilifika 188, na majina ya Kitale yakatoweka, nafasi yake ikachukuliwa na Saboti, Kwanza na Cherangany. Huo ndio mwaka wa mlolongo. Katika mchujo wa chama tawala, KANU, wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala aliyeinua picha yake, wakahesabiwa hadharani, na aliyepita asilimia 70 alihesabiwa amechaguliwa bila kupingwa. Bungoma Mashariki nayo ilipoteza jina: Mukhisa Kituyi alipomshinda Mwangale mwaka 1992, kiti kiliitwa Kimilili.

Mgawanyo wa mwisho ulikamilika Machi 2012. Tume ya uchaguzi na mipaka, IEBC, iligawanya idadi ya watu wa sensa ya 2009 kwa 290, ikapata wastani wa watu 133,138 kwa kila eneobunge. Katiba inaruhusu kupanda au kushuka kwa asilimia 30, na asilimia 40 kwa majiji na sehemu zenye watu wachache. Saboti ikazaa Kiminini, Kwanza ikazaa Endebess, Kimilili ikazaa Tongaren, na Sirisia ikazaa Kabuchai. Webuye ilipasuliwa Mashariki na Magharibi. Trans Nzoia ikapanda kutoka viti vitatu hadi vitano, na Bungoma kutoka sita hadi tisa.

Mwananchi anafaidi nini? Tangu Mfuko wa Maendeleo ya Maeneobunge (CDF) uanze mwaka 2003, kila eneobunge lina fungu lake la basari na madarasa. Kitongoji kilichoangukia upande huu wa mstari huomba basari ofisi hii. Cha ng'ambo huenda kwingine, hata kama wote wanasaga mahindi yao kwenye posho mill moja.

Katiba inataka mipaka ikaguliwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Miaka 12 iliisha Machi 2024 wakati IEBC haina makamishna hata mmoja, na wapya waliapishwa Julai 2025. Ukaguzi utakapofika, mambo yanayopaswa kuzingatiwa yameandikwa katika Kifungu cha 89: idadi ya watu, miji, njia za mawasiliano, na uhusiano wa kihistoria na kiuchumi wa wakazi. Katiba pia inaitaka tume isikilize maoni ya wote wanaohusika. Basi siku kikao cha maoni kitakapoitishwa karibu nawe, usiwaachie wanasiasa peke yao. Nenda na jina la kijiji chako, la kata yako ndogo na la soko unalotumia, useme mstari upite wapi.