Thamani ya Msitu na Chemchemi: Hesabu kwa Wakulima wa Meru

Mkulima wa Meru akiulizwa mali yake, atataja ng'ombe wake, mibuni yake na migomba yake. Hautaji msitu ulio juu ya mlima, wala chemchemi iliyo chini ya shamba lake, kwa kuwa vitu hivyo havina bei sokoni. Lakini kukosa bei si kukosa thamani. Karatasi hii yaeleza jinsi ya kuihesabu thamani hiyo, ili mtu asiuze mali nyingi kwa fedha kidogo bila kujua.

KAZI YA MSITU. Watu husema kwamba mti huzaa maji. Si hivyo, mti wenyewe hunywa maji. Kazi kubwa hufanywa na udongo ulio chini ya miti. Mvua ikinyesha juu ya ardhi tupu, maji huteremka kwa nguvu na kuchukua udongo mzuri. Ikinyesha msituni, hupenya ndani ya majani yaliyooza, huingia ardhini, kisha hutoka polepole wakati wa kiangazi. Mito kama Themi na Naura huishi kwa njia hiyo. Maji ya mlima hunywesha vihamba, hupita katika mji wa Arusha, huenda mto Kikuletwa na bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani, ambako mitambo ya Hale hufanya umeme. Hata mtu wa Kaloleni, asiyelima tuta moja, huhitaji chemchemi na visima vya miguuni pa Meru.

NAMNA YA KUHESABU. Jiulize: kitu hiki kikipotea, nitalipa nini kupata badala yake? Tuseme, kwa mfano tu, nyumba moja hutumia ndoo 5 kwa siku, na chemchemi ikikauka hununua kila ndoo kwa shilingi 200. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa siku, na kwa kiangazi cha siku 60 ni shilingi 60,000. Nyumba 20 zikiteka hapo, hasara ni shilingi 1,200,000 kila mwaka.

Tuseme tena mwenye shamba akichoma makaa miti ya chemchemi hiyo atapata shilingi 900,000. Kwake yeye peke yake ni faida, kwani sehemu yake ya hasara ni shilingi 60,000 tu kwa mwaka. Lakini fedha zile huja mara moja, na hasara ya jirani zake hurudi kila kiangazi. Hapo ndipo penye shida: anayekata ni mmoja, na wanaolipa ni wengi.

DAWA YAKE. Si haki kumwambia mwenye shamba aache faida yake kwa ajili ya wengine bila kupata kitu. Mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalianza mpango katika milima ya Uluguru, utokako mto Ruvu unaopeleka maji Dar es Salaam. Shirika la maji la DAWASCO na kampuni ya Coca-Cola walitoa fedha, na wakulima wa Kibungo Juu wakalipwa kwa kuchimba matuta na kupanda miti. Mji wa New York, Marekani, nao ulipatana mwaka 1997 na watu wa milimani kuilinda ardhi yao. Mtambo wa kuchuja maji ungaligharimu dola bilioni 6 au zaidi. Kuilinda ardhi kuligharimu kidogo kuliko hapo.

MIPAKA YA HESABU. Chemchemi zote si sawa. Nyingine za Meru zina madini ya floraidi yanayotia meno rangi ya kahawia. Hizo zapasa kupimwa kabla ya kuhesabiwa kuwa maji ya kunywa. Tena yako mambo yasiyohesabika kwa shilingi, kama mti wa matambiko ya wazee.

MASHAURI
1. Usilime ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ndivyo iamuruvyo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.
2. Usipande mikaratusi karibu na chemchemi, kwani hunywa maji mengi. Mringaringa na mkuyu wafaa zaidi.
3. Penye mteremko, chimba matuta ya kukinga maji, na juu yake panda majani ya tembo. Yatashika udongo na kulisha ng'ombe.
4. Wote wanaotumia mfereji mmoja wakutane, wafanye hesabu kama hii kwa bei za kwao, wakubaliane watamfidia nini mwenye kuitunza miti: miche, siku za kazi, au fedha.

Basi, wakulima, kabla ya kuinua shoka, shikeni kalamu kwanza. Mti uliokatwa haurudishwi na hesabu iliyofanywa baadaye.