Mke Kutoka Ng'ambo ya Ruvuma Asiye na Karatasi: Afanye Nini?

SUALI:

Mimi ni mwenyeji wa Newala, nafanya kazi Unguja. Nimeoa mwanamke wa Kimakonde kutoka Msumbiji, kwa wali na mashahidi, na tuna watoto wawili. Mke anaishi Newala kwa mama yangu. Hana pasipoti wala kibali. Mjomba wangu anasema tumwombee kitambulisho cha taifa, tuandike kuwa yeye mjomba ndiye baba yake, mambo yaishe. Je, inafaa?

JAWABU:

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Allahu 'alayhi wa sallam), na ahli zake na maswahaba zake. Ama baad:

Ndoa yenu ni sahihi maadamu nguzo zake zilitimia. Karatasi za Uhamiaji si nguzo ya nikah, na hapana wa kukwambia kuwa unaishi na mkeo kwa haramu. Lakini kusihi kwa ndoa ni jambo moja, na ruhusa ya kuishi nchini ni jambo jingine.

Ama rai ya mjomba, haifai. Kwanza ni ushahidi wa uongo, nao ni katika madhambi makubwa. Pili ni kubadilisha nasaba, na aya ya 5 ya Suratul Ahzab inatutaka tuwaite watu kwa baba zao. Tazameni matokeo yake. Mjomba akifariki, karatasi zitamwonesha mkeo kuwa ni mrithi wake. Akifariki baba yake wa kweli, hatakuwa na cha kuthibitisha kuwa ni mwanawe. Watoto wa kiume wa mjomba wataonekana ndugu zake wa damu, na hali si maharimu wake. Juu ya hayo ni kosa la jinai, na likigunduliwa litawafikisha nyote watatu mahakamani.

Na ya nini uongo, hali njia ya halali ipo?

Mke wa raia

Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, kwa hiyo sheria ya Newala ndiyo ya Unguja na Pemba. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia ya 1995 kinampa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wa tajnisi wakati wowote mumewe akiwa hai. Basi msingoje. Mume akifa kabla ya mke kuomba, mlango huu hufungika, naye atakaa eda akiwa mgeni asiye na kibali. Ajue pia kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Atalazimika kuuacha ule wa Msumbiji.

Hatua za kufuata ni hizi:

1. Cheti cha ndoa. Kwa Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 haiibatilishi ndoa kwa kuwa haikuandikishwa, lakini bila cheti mtathibitisha vipi? Anzeni kwa sheikh aliyefungisha, kisha ofisi ya Mkuu wa Wilaya au RITA. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuamrisha kuandikiana deni. Basi haki za mke na watoto ni aula zaidi.

2. Utambulisho wa kwao. Atafute hati zake za kuzaliwa na pasipoti kupitia ubalozi wa Msumbiji, Dar es Salaam.

3. Mshauri wa sheria. Aliyevuka Ruvuma kwa mtumbwi bila muhuri amevunja Sheria ya Uhamiaji, na anaweza kushitakiwa au kurudishwa. Kwa hiyo kabla ya kwenda ofisini muoneni wakili au msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka huduma hiyo bure kwa wasio na uwezo.

4. Ofisi ya Uhamiaji. Nendeni pamoja, mume na mke, na barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Lipeni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali tu, wala msimpe mtu fedha mkononi.

Aliyekimbia mapigano ya Cabo Delgado, yaliyoanza Oktoba 2017, anaweza pia kuomba hifadhi chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998. Hiyo ni hifadhi, si uraia.

Mume wa raia

Dada zetu walioolewa na wageni wajue kuwa kifungu cha 11 hakimhusu mume. Yeye atahitaji kwanza kibali cha ukaazi: daraja A kwa aliyejiajiri au mwekezaji, B kwa mwajiriwa, C kwa wengineo. Kisha ataomba tajnisi ya kawaida: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo awe ameishi jumla ya miaka isiyopungua 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, na awe na tabia njema. Ndiyo maana kila mwaka anaoishi kwa kujificha ni hasara kwake.

Watoto

Mtoto aliyezaliwa Tanzania na mzazi mmoja raia ni raia. Mama kukosa karatasi hakumwondolei haki hiyo. Wachukulieni vyeti vya kuzaliwa sasa, na jina la mama liandikwe lile la kweli.

Mwisho tunawausia waume. Wako wanaowatishia wake zao, "ukinisumbua nitakupeleka Uhamiaji," na mke akanyamaza akipigwa au akinyimwa nafaka. Hii ni dhulma. Uliyemtoa kwa baba yake kwa amana ya Allah, karatasi zake ni jukumu lako kumtafutia, si fimbo ya kumpigia.

Na Allah Anajua zaidi.