Ua la boga halisubiri foleni ya mpakani

NAMANGA. Kati ya mazao yanayoweza kuvushwa mpaka wa Tanzania na Kenya, machache yana haraka kama ua la boga. Huchanua alfajiri, na kufikia adhuhuri limeshasinyaa.

Kulila si jambo geni. Kaya nyingi za ukanda huu hulipika pamoja na majani yake. Linafaa pia kwa mboga za kuoka. Boga, karoti, biringanya na vitunguu hukatwa vipande vinavyolingana, vikapakwa mafuta, chumvi na majani ya rozmari, kisha vikaokwa kwa nyuzi joto 200 kwa dakika 30 hadi 40, mpaka kingo ziwe za kahawia. Asiye na oveni hufunika sufuria na kupalia makaa juu ya mfuniko. Maua, yakishatolewa kijiti cha ndani chenye chavua, huongezwa dakika 2 za mwisho. Giligilani hunyunyizwa baada ya kuepua, kwani moto mwingi huondoa harufu yake.

Shambani, huchumwa ua dume, lenye kikonyo chembamba. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Kulichuma ni kupoteza boga zima. Madume machache huachiwa nyuki. Maua ya mapambo yasichanganywe na haya: mengi hupuliziwa dawa zisizokusudiwa chakula, na mengine ni sumu.

Mpakani, Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humwezesha mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, kupata cheti rahisi cha uasili palepale na kusamehewa ushuru wa forodha.

Hasara huja pale mtu anapodhani cheti hicho kinatosha. Mazao mabichi yana masharti yake ya afya ya mimea, yanayosimamiwa na TPHPA upande wa Tanzania na KEPHIS upande wa Kenya. Anayeanza kuulizia vibali tenga likiwa tayari mpakani atauza maua yaliyonyauka.

Kwa mwenye mtaji mdogo, hesabu ni hii: rozmari hukaa siku kadhaa ikitunzwa penye ubaridi, hivyo huvumilia foleni na safari ndefu. Ua la boga liuzwe karibu na shamba, kwa mnunuzi aliyeagiza tangu jana.