Kabla ya Kijana Kuvaa Sare

Askari apitapo mbele ya shule, akinyosha hatua, vifungo vya koti vikimeta, watoto wote humkimbilia. Si ajabu. Kijana hupenda kuwa pamoja na wenziwe, hupenda kuonyesha nguvu zake, hupenda kuambiwa kwamba anafaa. Ndiyo maana katika nchi nyingi wakubwa wameunda makundi ya vijana yafuatayo desturi za jeshi: sare, gwaride, bendera, amri na kuamka alfajiri. Wengine huyaita kadeti, wengine utumishi wa taifa.

Lakini huku kwetu, mashariki ya Kongo, kijana akisema, "Baba, nataka kuandikisha jina langu," mzazi hafurahi upesi. Anayo sababu. Basi, ndugu wasomaji, yatupasa kujua kwamba sare si kitu kimoja kila mahali. Iko sare iliyo shule, na iko sare iliyo mtego.

Tuvuke kwanza Ziwa Tanganyika, twende kwa jirani zetu. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, nayo haikukawia kuona kwamba bendera peke yake haichimbi kisima wala haifyeki pori. Tarehe 10 Julai 1963 likaanzishwa Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo watu huliita JKT. Wataalamu wa Israeli walisaidia kulipanga, maana kwao vijana walikuwa wakijifunza silaha na kilimo pamoja. Kijana wa JKT alifundishwa bunduki, lakini alifundishwa pia jembe, ujenzi na wajibu wa raia. Makambi yakaenea nchini; hata mkoani Kigoma, ng'ambo ya maji yetu, iko kambi ya Bulombora.

Mambo mawili ya miaka ile ya mwanzo yanatufunza. La kwanza ni la tarehe 20 Januari 1964. Siku hiyo askari wa jeshi lililorithiwa kutoka kwa Waingereza waliwaasi maofisa wao huko Dar es Salaam. Askari wale walijua gwaride barabara. Miguu yao ilipiga pamoja. Kumbe gwaride peke yake halimfanyi mtu kuwa mwaminifu! Serikali ikalivunja jeshi lile, na katika kuunda jipya ikachukua vijana wengi waliokwisha kulelewa katika Umoja wa Vijana wa TANU na katika JKT.

La pili ni la tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kuikataa sheria iliyowalazimisha wasomi kuingia JKT, kisha kukatwa sehemu ya mshahara kwa muda. Rais Julius Nyerere alikasirika, akawafukuza karibu 400. Wengi wao walipokewa tena baadaye. Lakini hakuishia katika kuwaadhibu wao tu: papo hapo alitangaza kwamba mshahara wake mwenyewe utapunguzwa kwa asilimia 20. Watu waweza kubishana kama adhabu ile ilikuwa ya haki. Neno moja halina ubishi: atakaye vijana wajinyime, na aanze yeye.

Utumishi ule wa lazima ulisimamishwa mwaka wa 1994, ukarudishwa mwaka wa 2013 kwa wanaomaliza kidato cha sita. Angalieni vema, enyi wazazi: kijana wa namna hiyo amekwisha kukaa darasani miaka 13. Kambi haikumnyang'anya shule, ilimngojea aimalize.

Sasa twende mbali kidogo, hata Uingereza. Mwaka wa 1889 mwanamke aitwaye Octavia Hill, aliyejitoa kuboresha nyumba za maskini wa London, aliunda kundi la kadeti katika mtaa wa Southwark. Wavulana wa pale waliishi katika msongamano mkubwa, bila mahali pa kucheza. Aliona kwamba usafi, utaratibu na kazi ya pamoja vingewafaa. Hata leo makadeti wa jeshi la nchi ile huanza wakiwa na miaka 12, nao huvaa sare, hupiga kambi na kujifunza kutumia ramani. Mbona tusiogope umri huo? Kwa sababu sheria yao haiwahesabu kuwa askari. Hakuna awezaye kuwapeleka vitani, na mtoto akichoka, hurudisha sare na kwenda zake.

Sasa turudi nyumbani. Vita vya AFDL vilipoanza mwaka wa 1996, watoto wengi walitolewa vijijini na shuleni, wengine kwa nguvu, wengine kwa maneno matamu. Watu waliwaita kadogo. Nao pia walivikwa sare, nao pia walifundishwa gwaride. Lakini daftari lilichukuliwa mikononi mwao, pakawekwa bunduki. Vita vilivyofuata vilizidisha ubaya huo. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wasiotimiza miaka 15, huko Ituri, katika miaka ya 2002 na 2003. Akahukumiwa kifungo cha miaka 14. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, ya kumlinda mtoto, yakataza kabisa kumwandikisha mtoto jeshini au katika kundi lenye silaha. Mtoto ni kila asiyetimiza miaka 18.

Basi mzazi afanye nini kijana akija na karatasi mkononi? Asimfukuze wala asimkubalie papo hapo. Akae naye, wajibu pamoja maswali matatu.

Swali la kwanza: ana umri gani, na masomo yake yatakuwaje? Kundi lisilouliza hati ya kuzaliwa halimtakii mema.

Swali la pili: atafanya kazi gani, na mazao ya kazi hiyo ni ya nani? Kijana akirudi na ufundi mkononi, amepata. Akirudi na ukali tu, amepoteza.

Swali la tatu: mlango wa kutokea uko wapi? Je, muda umeandikwa? Je, mama aweza kujua mwanawe yuko wapi, na kumtembelea?

Maswali haya yafaa hata kwa kazi iliyoanzishwa kwa nia njema. Nchini mwetu iko Service National, iliyoundwa mwaka wa 1997. Huko Kaniama-Kasese, katika jimbo la Haut-Lomami, vijana hulima mahindi kwa utaratibu wa kijeshi, na tangu mwaka wa 2020 wamepelekwa huko vijana wengi wa Kinshasa waitwao kuluna. Kumtoa kijana katika mapanga ya barabarani na kumpa jembe ni jambo jema. Lakini hata mwana wa namna hiyo ana wazazi, na wazazi wake wana haki ya kujibiwa maswali yale yale matatu.

Wazee wetu husema: Samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini yafaa kumjua anayemkunja, na chungu anachomtayarishia.

Nanyi wanafunzi, msidharau utii, usafi na kuamka mapema. Vitu hivyo vyaweza kuanza kesho asubuhi, katika ua wa nyumbani, kwa ufagio na ndoo ya maji. Malizeni masomo kwanza. Gwaride litawangoja.